Andika kile ambacho mmea utasahau: mwongozo kamili wa kukusanya, kukausha na kusoma sampo za mimea na wadudu, kwa sisi wa Arusha na Moshi

Sampo yangu ya kwanza kabisa kumpelekea mtaalamu wa mimea ilikuwa inapendeza kwa macho, imekauka vizuri, majani yametulia kwenye karatasi, nikajua hapa nimemaliza kazi. Mzee akaigeuza, akaangalia nyuma ya jani kwa lenzi, akaniuliza maswali matatu tu. Ulipoukata ulitoa maziwa? Ulikuwa mti umesimama wenyewe au umeparamia mwingine? Ua lilikuwa jeupe au la njano? Sikuwa na jibu hata moja, maana kwenye karatasi ua lilishakuwa kahawia kama kila kitu kingine. Nikasema basi ntarudi nikauangalie, nikapanda daladala mpaka kule juu ya Usa River nilikoutoa, nikakuta pameshachimbwa msingi wa nyumba.

Toka siku hiyo nafanya kazi hii kwa sheria moja: mmea ukikauka unasahau, kwa hiyo we ndo unatakiwa ukumbuke kwa niaba yake. Unasahau urefu wake, rangi, harufu, utomvu, ulikuwa kivulini au juani, nani aliuita jina gani. Na mdudu ni hivyo hivyo. Mwongozo huu nauandika kwa wadogo zangu mnaofanya tafiti za diploma, digrii au masters na hamna maabara kubwa nyuma yenu, mna mkasi, magazeti na nauli ya bodaboda. Inatosha kabisa ukijua la kufanya.

Kwanza karatasi, ndo mkasi baadaye

Usikate hata jani kabla ya ruhusa. Hapa kwetu maeneo yamepakana vibaya, unaweza kuwa umesimama shambani kwa mtu, ukipiga hatua ishirini uko msitu wa hifadhi. Watu wengi wa Moshi bado wanadhani ule msitu wa juu ya vijiji ni msitu wa serikali wa kawaida, kumbe toka 2005 msitu wa Kilimanjaro uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa, kwa hiyo pale unaongea na TANAPA. Misitu ya hifadhi kama Rau au Duluti iko chini ya TFS, wakala wa misitu. Utafiti wa wanyamapori unapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, ofisi zao kuu ziko Njiro hapa hapa Arusha. Mtafiti ambaye sio Mtanzania lazima awe na kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na kama unafanya kazi chini ya mradi wa mgeni hakikisha jina lako limo humo humo.

Mwanafunzi wa hapa anaanza na barua ya chuo, inaenda kwa katibu tawala wa mkoa, wa wilaya, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji. Inachukua muda, sikudanganyi, kwa hiyo anza mapema, maana mimea haikusubiri, ukichelewa wiki tatu maua yameshapukutika unasubiri mwaka mzima.

Halafu kuna ruhusa ambayo haina fomu. Kihamba, lile shamba la familia linalozunguka nyumba, ni cha mtu. Unabisha hodi, unatoa shikamoo, unakaa, unaeleza. Ukiona masale, ule mmea wa jadi wa Wachaga, usikate bila kuuliza hata kama yapo kumi, maana yanaweka mpaka, yanapandwa kwenye makaburi ya wazee, na yanapelekwa kuomba msamaha, na wewe mgeni hujui lile pale limesimama kwa sababu gani. Mi nikiuliza vizuri huwa napewa na tawi na chai juu yake, na bibi ananitajia jina la mmea na mama yake alikuwa anautumiaje. Hayo yote ni data.

Vifaa, na vya kutengeneza mwenyewe

Mkasi wa kupogolea kahawa unatosha, wala usinunue wa gharama. Panga dogo au jembe la mkono la kung'olea mizizi. Mifuko mikubwa ya nailoni ngumu, hapo namaanisha ile inayoruhusiwa, na kama huna tumia ndoo yenye mfuniko na kitambaa kibichi ndani. Penseli, sio peni. Narudia, penseli. Wino wa peni ukilowa unayeyuka na ukiingia kwenye spiriti ndo kabisa unabaki na karatasi ya bluu.

Presi ya kukandamizia mimea mweleze fundi seremala akutengenezee: fremu mbili za papi zilizopigwa kama dirisha la wavu, sentimita 30 kwa 45, zipitishe hewa. Usikubali ubao mzima, ubao mzima unafungia unyevu. Katikati weka magazeti, na kila baada ya gazeti kadhaa kipande cha boksi lile lenye mawimbi ndani, mawimbi yaelekee upande mmoja ili hewa ipite. Kufunga tumia mipira ile ya kufungia mizigo kwenye bodaboda, miwili, inakaza kadri mmea unavyonywea, kamba ya manila inalegea.

Kama utafanya na wadudu, wavu wa kudakia unatengenezwa na waya mgumu, mpini wa ufagio na kitambaa cha pazia chepesi kile cha neti. Usikate chandarua cha hospitali, kina dawa, na dawa hiyo inabaki kwenye mikono yako na kwenye mdudu.

Porini: kata nini, acha nini

Tembea kwanza. Usikate mmea wa kwanza unaouona, angalia kama ipo mingine ya aina hiyo hapo karibu, na kanuni niliyofundishwa na naifuata ni kwamba ukiona pungufu ya ishirini usichukue wote mzima, chukua kitawi tu na picha, au acha kabisa. Kilimanjaro na Meru kuna mimea isiyopatikana popote pengine duniani, kwa mfano Impatiens kilimanjari ni ya mlima huu tu, hiyo sio ya kukata kwa kujifunzia.

Chukua tawi lenye ua au tunda, ikiwezekana vyote. Tawi la majani matupu mtaalamu atalishika na kulirudisha mara nyingi tu, maana ua ndo linalotofautisha ndugu na ndugu. Mmea mdogo ng'oa na mizizi yake, nyasi hasa, sehemu ya chini ya nyasi ina habari nyingi. Kangaga hakikisha nyuma ya jani kuna zile doa doa za spora, vumbi lake la kuzaliana. Urefu wa tawi usizidi gazeti, na kama mmea ni mrefu ukunje kama herufi V au N, usiukate vipande ukavichanganya.

Chukua nakala nne au tano za mmea ule ule, mti ule ule kama ni mti, na zote zipewe namba moja. Watu wanaona hii ni kujichosha, ngoja niwape kisa cha kweli. Miaka ya 1890 Mjerumani mmoja anaitwa Georg Volkens alikaa Marangu akikusanya mimea ya Kilimanjaro, mali ikaenda Berlin. Mwezi Machi 1943 vitani hebariamu ya Berlin, yaani ghala la sampo za mimea iliyokaushwa, ikapigwa bomu ikaungua, na sehemu kubwa ya mimea iliyotoka Afrika Mashariki enzi za Wajerumani ikawa majivu. Kilichookoa jina la mimea mingi ni zile nakala ambazo zilishagawiwa miji mingine. Nakala yako ya tatu ndo bima yako, sio uchafu.

Utomvu: ukikata chungulia hapo hapo, unatoa maziwa, maji, damu au hamna kitu. Na uangalifu na mnyaa na jamii yake, ule utomvu ukiingia jichoni ni hospitali, sio mzaha, usijifute uso mpaka unawe.

Daftari (hapa nakaa kidogo)

Andika ukiwa umesimama mbele ya mmea. Sio kwenye gari, sio gesti jioni. Jioni umechoka, una mimea thelathini, na yote imeshaanza kufanana.

Kila sampo ina namba, na namba zako zinaanzia moja siku unayoanza kazi hii na haziishi mpaka ustaafu. Usianze tena namba moja kila safari, miaka mitano baadaye utakuwa na "namba 12" sita na hakuna atakayejua ipi ni ipi. Namba hiyo iandike kwenye daftari, kwenye kikaratasi kilichofungwa kwenye tawi, na kwenye ukingo wa gazeti. Sehemu tatu.

Alafu mahali. Weka GPS ya simu, subiri dakika moja itulie, andika desimali, desimali nne ni kama mita 11 kwa hiyo inatosha, na usisahau sisi tuko kusini ya ikweta, latitudo yetu ina alama ya kutoa mbele yake. Nimeona sampo za Moshi ambazo kwenye ramani ya kompyuta zimeangukia kaskazini kabisa ya Kenya kwa sababu ya ile alama tu. Lakini GPS peke yake haitoshi, andika na maneno, kijiji, kitongoji, kando ya mto gani, umbali gani kutoka daraja au kanisa, maana ukikosea tarakimu moja ni maneno ndo yatakuokoa. Mwinuko pia, mlimani kwetu ukipanda mita mia tano umeshabadilisha dunia, na simu inaweza kukosea makumi ya mita kwa hiyo linganisha na ramani.

Tarehe andika mwezi kwa jina. 3/4 ni tarehe tatu mwezi wa nne kwangu na kwako, kwa Mmarekani ni Machi tarehe nne.

Kisha sasa yale ambayo mmea utasahau. Urefu, umbo, gome likoje, rangi ya ua ukiwa bado hai, harufu ya jani ukilisugua, wadudu gani walikuwa juu yake, udongo, kivuli, majirani zake. Na jina la kienyeji pamoja na lugha yake: Kimeru, Kimachame, Kirombo, Kimaasai, na aliyelitaja awe ameridhia. Usiandike "jina la kienyeji: mkuyu" ukaishia hapo ukadhani umetambua mmea, mikuyu iko ya aina kadhaa, na masale ni hivyo hivyo, jenasi ya Dracaena ina spishi zaidi ya moja hapa mlimani. Jina moja mimea miwili, mmea mmoja majina matano. Ndo maana tafiti za dawa za asili bila sampo hazina miguu, mtu ameandika jani fulani linatibu tumbo, ukitaka kurudia hujui ni jani lipi.

Lebo iliyokamilika inakaa hivi, nimeitunga kwa mfano tu:

TANZANIA, Mkoa wa Arusha, Tengeru, ukingo wa mashariki wa Ziwa Duluti, kando ya njia ya miguu. Mwinuko mita 1,290. Msitu wenye kivuli, udongo mweusi unyevunyevu. Mti wa mita 6, gome la kijivu laini, maziwa meupe mengi, ua la njano iliyopauka, harufu hafifu. Jina la Kimeru kama lilivyotajwa na mwenyeji. Tarehe 14 Novemba, mwaka. Mkusanyaji na namba yake.

Kukandamiza na kukausha, hapa ndo sampo nyingi zinafia

Panga mmea kwenye gazeti siku ile ile, ikiwezekana hapo hapo porini. Utandaze kama unavyotaka uonekane miaka mia, majani yasilaliane, na jani moja au mawili yageuze tumbo juu ili sehemu ya nyuma ionekane bila kubandua. Tunda nene pasua katikati. Ua moja lifungue na wembe ulitandaze peke yake. Jani kubwa kama la mgomba haliwezi kuenea kwenye gazeti, chukua kipande cha ncha, cha katikati na cha shina, viandike A, B, C, na picha ya mmea mzima ukiwa na mtu pembeni kwa kipimo, mgomba ni kati ya vitu vigumu kukausha na sisi tumezungukwa nayo.

Badilisha magazeti kila siku kwa siku tatu nne za mwanzo. Kila siku. Mi nilipoteza mimea yote ya safari moja ya Aprili kwa sababu barabara ilikatika kwa mvua nikaacha presi imefungwa siku nne, nilipofungua ilikuwa ukungu mweusi na harufu, wiki nzima ya miguu ya watu watatu ikaenda jalalani. Yale magazeti mabichi yaanike juani yatatumika tena.

Jua la Moshi mjini Januari linakausha vizuri ukiisimamisha presi upepo upite kwenye mawimbi ya boksi. Shida ni masika, na ile baridi ya Juni mpaka Agosti ambapo Arusha jua huliona mpaka saa nane. Hapo tengeneza boksi la kukaushia: boksi la plaiwudi, chini globu mbili za zamani zile za waya za wati 60 au 100, taa za LED hazitoi joto la maana, juu presi imelala kwa ubavu ili joto lipande kupitia mawimbi, na matundu juu. Joto liwe kati ya nyuzi 40 na 50. Ukizidisha sana majani yanakuwa kama chipsi na DNA inaharibika. Siku mbili mpaka nne kwa mimea ya kawaida. Usiiache bila mtu, ni magazeti na moto.

Jiko la mkaa watu wanatumia, mi silipendi, ila kama huna namna liwe nje kwenye kibanda cha wazi, chini kabisa, limefunikwa majivu, na kamwe usilale chumba kimoja nalo, ule moshi usioonekana unaua.

Utajuaje imekauka? Inua tawi, likisimama bila kuning'inia ni dalili nzuri, alafu liguse kwenye mdomo au shavu, ukihisi ubaridi bado lina maji.

Mimea ya nyama nyama kama mshubiri haifi hata ukiifunga wiki mbili, inaendelea kuota ndani ya presi. Ipasue kwa urefu, kwangua nyama ya ndani, au itumbukize maji yanayochemka kidogo ndo uikandamize.

Na kama uko mlimani siku kumi na mvua haikatiki? Panga mimea kwenye magazeti kama kawaida, funga bunda, tumbukiza kwenye mfuko wa nailoni ngumu, mwagia spiriti ya asilimia 70 mpaka magazeti yalowe, funga kabisa kabisa. Itakaa wiki kadhaa bila kuoza, ukifika mjini unakausha. Gharama yake: rangi zote zinapotea na DNA inakuwa shida, kwa hiyo daftari liwe limekamilika na jani la DNA uwe umelitenga kwanza.

Jani la DNA ni hivi: kata kipande cha jani changa lisilo na ugonjwa, ukubwa wa stempu mbili tatu, weka kwenye pakiti ya karatasi kama ya majani ya chai, ingiza kwenye kimfuko chenye silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, ambayo uzito wake ni mara kumi ya jani. Ndani ya saa 24 linatakiwa livunjike ukilikunja. Kama bado ni laini badilisha silika. Zile za rangi ya chungwa zinabadilika rangi zikishiba maji, unazikausha kwenye oveni zinarudi kazini. Namba ya sampo ndani na nje.

Wadudu

Hapa nitaenda haraka kidogo, kila kundi lina mambo yake. Kudaka: wavu mchana, shuka jeupe na taa usiku wa giza ambao hakuna mbalamwezi, kikombe kilichofukiwa usawa wa ardhi kwa wanaotambaa, na bakuli la njano lenye maji na tone la sabuni kwa nyigu na nzi wadogo, mabakuli hayo yamejaa soko la Mbuyuni. Sabuni inavunja ngozi ya maji ili mdudu azame. Pitia mitego kila siku, ukichelewa ni supu.

Kuua kwa huruma na bila kuharibu, njia rahisi kuliko zote ni friza usiku mzima. Vipepeo wakunje mabawa juu, kwenye bahasha ya karatasi ya pembetatu, data zote juu ya bahasha kabla hujamuingiza. Mbawakawa na nzi wakubwa wanachomwa pini, na pini ni zile maalumu za wadudu zisizoshika kutu, namba 2 au 3, agizeni kwa pamoja kupitia chuo. Pini za kushonea zinapata kutu na kumpasua mdudu kwa ndani. Mbawakawa pini inapita bawa gumu la kulia, sio katikati, ili upande wa kushoto ubaki mzima, kipepeo inapita katikati ya kifua. Wale wadogo sana gundisha kwenye ncha ya kipembetatu cha karatasi ngumu.

Buibui, nge, viwavi, mchwa, hawa ni wa kwenye ethano. Ya asilimia 70 mpaka 80 kwa kuangalia maumbo, 95 kwenda juu kwa DNA. Ukiwa na ya 96 unataka ya 70, pima mililita 73 ongeza maji mpaka zifike 100. Kuna mtu huwa anauliza kama Konyagi inafaa: Konyagi ni asilimia 35, mdudu ataoza. Gongo usiiguse, hujui nguvu yake na ni kosa kisheria. Kimiminika kiwe mara tatu ya ujazo wa wadudu, na kibadilishe baada ya siku moja maana maji ya miili yao yanakipunguza nguvu. Kiwavi mtumbukize kwanza maji ya moto, bila hivyo anakuwa mweusi. Lebo inaingia ndani ya chupa, ya penseli. Lebo ya nje inabanduka, zote zinabanduka.

Wanaokaushwa juu ya meza waweke mbali na sisimizi: miguu minne ya meza kila mmoja kwenye kopo la maji yenye mafuta kidogo. Usiku mmoja tu sisimizi wanakuachia pini na mabawa.

Fomalini ya samaki na vyura muachie mwenye mafunzo na chumba chenye hewa, inasababisha saratani na inaharibu DNA. Na popo usiguse kabisa, hata aliyekufa, kuna kichaa cha mbwa na kuna Marburg, Kagera 2023 tuliona.

Friza, kubandika, kuhifadhi

Sampo iliyokauka ni chakula cha wadudu. Kabla haijaingia kwenye kabati la wengine, ifunge kwenye nailoni, iweke friza kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi kwa siku tatu mpaka saba, ikitoka usifungue mpaka ipate joto la chumba, vinginevyo unyevu wa hewa utagandia juu yake na umerudi kwenye ukungu. Rudia kila ukiona vumbi la kutiliwa shaka chini ya karatasi.

Kubandika tumia karatasi nene isiyo na asidi, ukubwa wa karibu sentimita 42 kwa 28, gundi nyeupe ya maji kidogo kidogo, na sehemu za shina shona kwa uzi. Selotepu hapana, inakuwa njano na kuachia baada ya miaka michache. Lebo chini upande wa kulia. Bahasha ndogo juu kwa ajili ya maua na mbegu zilizodondoka, usizitupe, huenda ndo zitakazotumika kutambua. Ukipewa kuangalia sampo za zamani sana vaa glavu, zamani walikuwa wanazipaka chumvi ya zebaki kuzuia wadudu na sumu bado ipo.

Kuisoma

Ua lililokauka halipasuki vizuri, lichemshe dakika chache kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo, linafunguka kama la jana. Kwa lenzi ya mara kumi angalia majani yanatazamana au yanapishana, kuna vijani vidogo kwenye maungio, petali ngapi, zimeungana au kila moja kivyake, na ovari iko juu au chini ya petali. Maswali haya ndo yanakufungulia funguo za utambuzi, yaani orodha ya maswali ya kitabuni yanayokupeleka hatua kwa hatua kwenye jina. Kwa mimea yetu kazi kubwa ni mfululizo wa vitabu vya Flora of Tropical East Africa, ilianza kutolewa 1952 ikakamilika 2012, ipo kwa familia familia, Kiingereza chake ni kigumu ila ukishajua maneno hamsini unatembea nayo.

Ukishapata jina la kudhania, nenda ukalinganishe na sampo halisi. Hebariamu ya taifa iko kwa jirani yetu hapa, Ngaramtoni, kwenye TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ambako wengi bado tunapaita TPRI. Andika barua, omba siku, nenda na nakala zako. Mtandaoni kuna GBIF, hazina ya kimataifa ya taarifa za viumbe, yenye rekodi na picha za sampo, nzuri kuona spishi inapatikana wapi, ukikuta jina ulilodhania halijawahi kurekodiwa zaidi ya Afrika Magharibi jiulize tena. App za simu zinakupa pa kuanzia tu. Na kama huna uhakika andika jenasi na uishie hapo, "Ficus sp." ya kweli ni bora kuliko jina kamili la kubahatisha.

Jina likibadilika baadaye usifute la zamani, bandika kikaratasi kipya pembeni chenye jina jipya, nani ametambua na mwaka gani.

Kwenye tasnifu yako andika namba ya sampo na ilipohifadhiwa, kwenye kila spishi. Kama zinapelekwa nje ya nchi kuna cheti cha afya ya mimea toka TPHPA, mkataba wa kuhamisha sampo, na kwa okidi au mishubiri ya porini lazima kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Usimpe mtu abebe kwenye begi.

Nakala zangu nagawa hivi: moja hebariamu ya taifa, moja chuo, moja kwa mtaalamu wa familia ya mmea huo anayenisaidia kutambua, na ya nne napeleka shule ya sekondari iliyo karibu na pale nilipokata, iko kwenye fremu ya kioo, lebo ina jina la kisayansi na chini yake lile jina alilonitajia bibi. Mwambieni mwalimu wa baiolojia aitundike ukuta usiopigwa na jua.